Kijiti cha Mchai

Mama,

Hukujua kusoma ulipokuwa hapa, na sidhani kama huko uliko kuna darasa la watu wazima. Basi tufanye kama tulivyozoea barua za mwanao Onchiri zilipokuwa zikija kutoka Nairobi: mimi nasoma kwa sauti, wewe unachambua mboga, na nikifika mahali palipokupendeza unasema, "Rudia hapo." Leo sijui kama utanirudisha popote. Habari nilizo nazo si za kurudia.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia barua shuleni. Kiekegusii, lugha yetu ya nyumbani, nimekitumia kulilia. Siku za msiba nililia kwacho mpaka sauti ikakauka, na sasa nikijaribu kukuandikia kwacho machozi yanatangulia maneno.

Nianze na nyumbani. Kaburi lako lilititia upande mmoja baada ya mvua kubwa, mzee akalijazia udongo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa na mtu. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, kwa hiyo lile bishano letu nimeshinda mimi. Bosibori ameacha kukuita. Wiki za mwanzo alikuwa akiamka tu anakwenda kwenye dirisha la jikoni kwako, anapanda juu ya lile jiwe, anaita "Nyanya!" kisha anangoja, maana alizoea kungoja utafute kiazi. Sasa anapita tu. Nilidhani siku atakayoacha nitapumua. Siku aliyoacha ndiyo niliyolia kuliko zote.

Na mguu wangu umepona, isipokuwa kidole kidogo ambacho hakisikii kitu hata nikikanyaga kaa la moto. Lakini habari ya mguu huijui. Jeraha lile nililipata saa ile ile niliyojua umekufa, Mama, na limeninyang'anya kitu ulichonipigania wewe. Ndiyo sababu ya barua hii.

Ulinipokea hapa nikitoka Nyamira, binti wa watu mwenye miguu mirefu na cheti kimoja cha mbio za shule, nikakificha cheti chini ya godoro kana kwamba nilikiiba. Mwaka wa kwanza sikukimbia hata kumfukuza kuku. Nilikuwa najifunza kuwa bibi ya mtu. Halafu siku ile lori la majani chai likawa linaondoka kituoni na sisi tuko chini bondeni na vikapu vimejaa, majani ya siku nzima yakitaka kutuozea mgongoni. Sikufikiri. Nilipanda kile kilima na kikapu mgongoni, nikalishika lori likiwa limeshawasha injini, nikawafanya wangoje mpaka wewe ufike. Ulifika ukihema, ukaniangalia chini, ukaniangalia juu. Ukaniuliza, "Miguu hii ulikuwa umeificha wapi?"

Wiki iliyofuata ulikwenda Kisii mjini ukarudi na kaptula. Ulinisimulia mwenyewe, huku unacheka mpaka unashika mbavu, jinsi ulivyoingia kwa yule mama wa Kihindi mwenye duka la nguo, ukamwambia unataka kaptula ya kukimbilia ya mwanao wa kiume, akakuuliza saizi, ukaipima kiunoni mwako mwenyewe. Alikutazama. Ulimtazama. Akakufungia, akaongeza na soksi.

Kaptula ikawa na shida yake, na shida ilikuwa mzee. Kila mtu hapa anajua ensoni, ile aibu na heshima ya wakwe: baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, mke wa mwanawe hakai kwenye kiti chake, na mguu wake hauonekani na baba mkwe kupita pale sketi inapoishia. Wazee wengine wameilegeza siku hizi. Wetu aliikaza. Wazee wenzake wanawasalimia wakaza wana wao na kuwatania, lakini wetu kwa miaka mitano hakuwahi kuliita jina langu. Akitaka chumvi, anamwambia ng'ombe kwamba chakula cha leo hakina chumvi, na mimi nikiwa jikoni nasikia. Nilipoolewa nilifikiri ana matatizo ya akili. Wewe ukanieleza kwamba hiyo ni adabu, na kwamba ng'ombe naye ameshazoea.

Basi tukapata njia yetu. Asubuhi kukipambazuka, siku zote isipokuwa Sabato, tunatoka pamoja na kamba kama watu wanaokwenda kuokota kuni. Tukifika kwenye mikaratusi, pale barabara inapokata kona na nyumba haionekani tena, navua sketi, wewe unaishika. Mimi nakimbia. Nikirudi nakukuta umekaa pale pale, sketi imekunjwa mapajani mwako, na kuni umeshaokota za watu wawili. Hatukuwa na saa. Ulikuwa unaniambia umekwenda sana leo, au leo umecheza njiani, na ulikuwa hukosei.

Na wewe ndiye uliyemkabili Onchiri alipokuja likizo ya Krismasi na akaambiwa na wanawake wa ukoo kwamba bibi yake anakimbia barabarani, na bibi anayekimbia hivyo siku moja hatarudi. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Ulimwambia kuna mbio ndefu Kisumu, zile za kilomita arobaini na mbili, wanawake pia wanakimbia, na zinakimbiwa Jumapili. Kama zingekuwa Sabato hata wewe ungeninyima. Ukamwambia aniache niende. Alikataa, ukakataa kukataa kwake, mpaka mkakubaliana: mara moja. Niende Kisumu mara moja nijaribu, na nikifanya vizuri mtazungumza tena. Ulitoka nje ukanikonyeza. Mimi nilijua maana ya lile jicho. Maadamu wewe upo, mara moja ingezaa ya pili.

Halafu ukaanza kuumwa na kichwa.

Ulisema ni presha tu, kwamba presha yako mmezoeana. Wiki ile nilikuwa napogoa shamba la juu, na hapa lazima nikiri jambo. Ulinifundisha kupogoa vizuri. Panga likate mshazari, mvua iteleze isiozeshe shina, na ukimaliza mstari mmoja, kabla hujashika wa pili, uyaokote matawi yote uyalaze juu ya vichaka ili njia ibaki safi, maana tawi la mchai lililokatwa mshazari ni mkuki. Uliniambia haraka haraka haina baraka. Mimi nilikuwa na siku ishirini na nne za kufika Kisumu na nilitaka kumaliza kazi nipate kukimbia hata jioni. Nilikata tu. Matawi niliyaacha yalipoanguka, njia nzima, nikisema nitayaondoa Ijumaa.

Jumatano mzee akakupeleka hospitali. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimerudi kutoka mikaratusini peke yangu, nimeketi nje naosha miguu kwenye karai. Nikamwona mzee anakuja kwa njia ya juu, ng'ambo ya shamba la chai. Kofia hakuivaa. Mkono mmoja alishika fimbo, na mkono wa pili alishika viatu vyako.

Sikungoja aseme. Unajua wanawake wa kwetu tunavyolia, hatulii tumekaa. Pasta husema tusilie kama watu wasio na tumaini, na mimi huwa naitikia amina, lakini siku ile miguu haikumkumbuka pasta. Nilipiga ukemi nikakimbia moja kwa moja kumwelekea, nikipitia katikati ya lile shamba. Miguu mitupu, imelowa maji. Sikusikia kitu. Nilifika kwa mzee, nikasimama hatua tatu kutoka kwake kama adabu inavyotaka, hata siku ile, nikaviona viatu vyako kwa karibu. Alikuwa amefunga kamba zake pamoja ili kimoja kisipotee. Niliporudi nyumbani wanawake walikuwa wameshajaa, na mmoja akauliza hii damu ni ya nani.

Nikasema nimejikata kidogo. Nikafunga kitambaa, nikavaa soksi na raba, nikaenda kupika.

Ningefanya nini? Wewe umelala sebuleni ndani ya sanduku, mimi niseme mguu unaniuma? Na kulikuwa na jambo lingine, nitakuambia wewe tu. Niliogopa midomo. Nilijua watakavyosema, kwamba mbio zake zimemrudi, mama wa watu amekufa kwa kumficha na mguu umejibu. Kwa hiyo siku sita nilibeba maji, nilisonga ugali wa wimbi wa watu mia, nilisimama kaburini, na usiku nikivua soksi inatoka na ngozi. Siku ya kukuzika sikulia. Watu walishangaa. Walidhani nimekuwa jiwe, kumbe nilikuwa nimeuma meno kwa maumivu ya unyayo, na mpaka leo naona haya kwamba siku ya kukuzika nilikuwa nafikiria mguu wangu.

Watu walipotawanyika nyumba ikabaki na mimi, mtoto na mzee kule kwake, Onchiri amerudi kazini. Mguu ukavimba mpaka kifundoni. Siku moja nilikuwa jikoni, mzee akaja akasimama zizini, akamwambia ng'ombe kwa sauti ya kuhutubia mkutano:

"Wewe ng'ombe. Hapa kuna mtu anachechemea tangu mazishi na anafikiri watu ni vipofu. Mguu ukikatwa, nani atachuma chai?"

Kesho yake nikaenda dispensari. Muuguzi alipasua, akabonyeza, usaha ukatoka, kisha akaingiza koleo yake ndogo akatoa kijiti. Kijiti cha mchai, Mama, kirefu kupita njiti ya kiberiti, ncha moja imekatwa mshazari vizuri kabisa. Ungekisifu. Alinidunga sindano ya pepopunda, akaniambia nisikimbie kwa mwezi mzima. Nikamwuliza siku kumi na mbili je? Akacheka, akidhani natania.

Nilikwenda Kisii nikapanga foleni posta, nikampigia Onchiri kazini kwake. Nilimweleza mguu. Nikamwomba anipe mbio za mwakani badala ya hizi. Simu ilikuwa inakula sarafu, akasema kwamba mama alisema Kisumu, na Kisumu ni mwezi huu. Hakusema kwa ukali. Onchiri si mtu mkali, unamjua. Alikuwa amemaliza tu kulifikiria jambo, na lilikuwa limemchosha. Niliweka simu nikijua kwamba nisipokimbia siku ile sitakimbia tena, maana mtu wa kuomba kwa niaba yangu tumemfunika na udongo.

Basi nikaanza kuupigania mguu. Kila asubuhi nilikuta birika lako lile jeusi mlangoni pangu, maji ya moto yenye chumvi, na mzee ameshafika mbali, anakohoa ili nijue yameletwa. Nilikanda asubuhi, nikakanda jioni. Nikienda kuchuma niliufunga mguu kwenye mfuko wa plastiki na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kukimbia siwezi, basi nilipanda kilima na kikapu kilichojaa, nakanyaga kwa kisigino, ili angalau pumzi isinisahau. Na yale matawi niliyaondoa yote, mstari kwa mstari, nimepiga magoti. Kazi ya saa mbili ambayo ningeifanya Jumatano ile.

Siku tatu kabla ya mbio nilikimbia hadi mikaratusini na kurudi. Haikutoka damu. Nikajiambia nimepona. Anayekudanganya mwingine utamshika, lakini ukijidanganya mwenyewe nani atakushika?

Nilisafiri siku ya Sabato, mchana kweupe, unisamehe. Nililala kwa rafiki yangu wa shule aliyeolewa Kisumu, na Jumapili asubuhi Onchiri akanikuta pale pa kuanzia, macho mekundu kwa basi la usiku. Nikavua sketi, nikageuka kukupa wewe. Nakuambia kweli, niligeuka kabisa na mkono umenyooka. Onchiri akaipokea. Aliishika kwa ncha za vidole, akitazama huku na huku kama kuna mtu wa ukoo anayeweza kutokea.

Sitakusimulia sana. Kisumu ni joto, si kama kwetu, na njia ni tambarare mpaka miguu inachoka kwa kukosa kilima. Kilomita kumi za kwanza nilikuwa mzima, nikawapita wanawake watatu, na niliona raha, Mama, ambayo sikuwa nimeiona tangu uondoke. Nikajilaumu kwa raha ile, kisha nikaacha kujilaumu. Baadaye nikasikia kiatu kimelowa. Nikasema ni jasho. Kufika nusu ya njia nilikuwa nakanyagia ukingo wa mguu, nyonga ya pili ikaanza kulalamika, na wale wanawake watatu wakanipita mmoja mmoja, wa mwisho akanipa pole. Nilikwenda hivyo hivyo mpaka kilomita ya ishirini na saba. Pale palikuwa na mama anauza machungwa. Nilikaa kwenye gunia lake bila kumwomba ruhusa, na nilipojaribu kusimama, mguu ulikataa.

Walikuja na pikapu ya kuokota walioshindwa. Tulikuwa sita nyuma, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tulipofikishwa mwisho wa mbio, Onchiri alinivua raba mwenyewe. Aliona soksi, akafumba macho kidogo. Akaninunulia soda, akanikalisha kivulini, akanivika sketi kwa kunizungushia mbele ya watu wote. Angenigombeza ningekuwa na la kujibu. Badala yake akangoja nimalize soda, akasema:

"Nilimwahidi mama mara moja. Mara moja imepita."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili. Nilimwambia mama yake angeniruhusu tena. Akaniangalia, na uso wake ukawa wa mtoto aliyepotelewa sokoni. Akasema, "Mama hayupo, Kerubo." Tukalia sote wawili pale pale, yeye kwa lake na mimi kwa langu. Alinifikisha mpaka hapa nyumbani, akalala siku mbili, akarudi Nairobi. Neno lake halikubadilika.

Nilikunja kaptula nikaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za uchanga za Bosibori. Miezi miwili na nusu sijakimbia. Nachuma, napika, nalala. Nimenenepa kidogo, watu wananisifu. Wanasema sasa nimetulia. Na nitakuambia na hili, kwa kuwa nikilificha litanioza kama kile kijiti: nilikukasirikia. Nilikukasirikia sana. Niliona bora usingenipeleka kwenye ile mikaratusi hata siku moja kuliko kunionjesha halafu ukaenda zako. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikipita kaburini nageuzia uso upande wa pili.

Sasa nije kwa mzee.

Wiki tatu zilizopita alianza kwenda sokoni Mosocho. Kila asubuhi, siku zote isipokuwa Sabato, kabla jua halijatoka, anavaa lile koti la mvua, anachukua fimbo, anaondoka. Kwa magoti yale! Wewe unajua magoti ya mzee; kwenda kanisani tu anapumzika mara mbili. Anarudi jua likiwa limeshapanda, amechoka, hana alichonunua. Nilimwuliza mama mmoja anayeuza ndizi kule, akaniambia humwona amekaa kwenye benchi nje ya mashine ya kusaga. Hasagishi kitu. Anakaa tu na fimbo yake, saa zikifika anaamka anarudi.

Nikaogopa. Nilisema huzuni imempanda kichwani, anakutafuta njiani. Nilianza hata kuandika barua kwa Onchiri, kwamba baba yake anapotea. Nikamwekea uji wa wimbi kila asubuhi juu ya jiwe nje ya kwake, akirudi aukute, na mimi nafunga mlango wangu naingia ndani, nikimwombea.

Ijumaa hii alirudi amenyeshewa. Matope mpaka magotini, koti linachuruzika. Sikuweza kuingia ndani. Nilisimama mlangoni pangu. Akaunywa uji akiwa amesimama, amenipa mgongo kama kawaida yake, macho yakiwa kilimani. Nikangoja amwambie ng'ombe neno. Lakini ng'ombe alikuwa amefungwa kule chini mtoni, na zizi lilikuwa tupu.

Akasema, "Kerubo."

Miaka mitano, Mama. Nilidhani nimesikia vibaya. Niliitikia kwa sauti ndogo.

"Mimi nitakwenda Mosocho mpaka lini?"

Sikuelewa. Nikabaki nimeshika fremu ya mlango. Akaweka kikombe juu ya jiwe, taratibu, akapangusa ndevu.

"Magoti yananiuma," akasema. "Na Onchiri akiniuliza habari za hapa, mimi asubuhi huwa sipo. Sijaona kitu."

Akaingia kwake, akafunga mlango.

Nilikaa chini pale pale, kizingitini, nikalia kilio ambacho sikukilia siku ya kukuzika. Alijua, Mama. Alijua tangu siku ya kwanza, zile kuni zetu za watu wawili hazikumdanganya hata asubuhi moja. Wiki tatu mzee wa watu amekuwa akitembea gizagiza kwa magoti mabovu kwenda kukaa kwenye benchi la watu, ili macho yake yasiwe njiani kwangu, na akiulizwa na mwanawe aseme kweli. Na mimi nimelala ndani, namwekea uji, naandika barua kwamba amepotewa na akili.

Sijui itakuwaje na Onchiri. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, atakapokuja Desemba, na pengine atanikatalia, na sitakuwa na wewe nyuma yangu. Naogopa. Mguu nao sijui utasemaje; kile kidole kikiwa kimekufa inabidi nijifunze kukanyaga upya. Siahidi Kisumu. Siahidi kwamba nitakuwa na furaha pale kwenye mikaratusi, kwa maana hutakuwepo, na najua nitaangalia ulipokuwa unakaa na patakuwa na nyasi tu. Ninachokuahidi ni hiki: sitamfanya mume wako aende Mosocho bure tena. Na akirudi atakuta uji moto na maji ya kukanda magoti, mlangoni, na nitakohoa.

Kwaheri, Mama. Nilikukasirikia, sasa nimeacha. Kesho Jumatatu mzee ataondoka kwanza. Nitamsikia akifungua lango, nitahesabu mpaka fimbo yake isisikike tena, halafu nitatoka.

Mkaza mwana wako,
Kerubo